Kabla Ukuta Haujazibwa

Nyumba nyingi za mitaa ya Eastlands, Nairobi, zilijengwa zama ambazo soketi moja kwa chumba ilitosha. Kaloleni ni ya miaka ya 1940. Buruburu ilianza kujengwa kwa awamu katika miaka ya 1970. Leo jikoni mna friji, birika la umeme na mashine ya kusagia, na waya za nyongeza hutandazwa chini ya zulia, papo hapo watoto wanapochezea. Hilo ndilo lililotufanya sisi, familia iliyotoka Mombasa na kupanga Buruburu, tuombe idhini ya mwenye nyumba ili waya zipitishwe ndani ya ukuta.

Kuta zetu ni za mawe na lipu ya saruji. Fundi huchora mstari, akachimba mfereji kwa tindo na nyundo, kisha akalaza mabomba ya plastiki yatakayobeba waya. Mstari uwe wima au mlalo, usiende mshazari, ili atakayepigilia msumari kesho aweze kukisia waya zilipopita. Kwa kuwa nyumba zimeshikana, tuliwaarifu majirani mapema. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga, basi nyundo haikulia kabla ya saa tatu asubuhi. Haki ya jirani haisimami kwa sababu tuna ujenzi.

Jioni ya kwanza fundi alikwisha kukoroga saruji. Mama yetu akamzuia.

"Mama, kwani huniamini?"

"Nakuamini, mwanangu. Lakini ukuta ukishazibwa hausemi."

Fundi akatoa mita, akapima. Njia ya jikoni haikupitisha umeme. Alipovuta waya, kikatoka kiungo kilichosokotwa na msaidizi wake na kufungwa utepe katikati ya bomba. Kiungo hulegea, kilicholegea hupata moto, na moto uliofichwa ukutani hauonekani hadi umekwisha kudhuru. Ndiyo maana viungo hukaa ndani ya kisanduku kinachofunguka. Fundi alipitisha waya mzima, akapima tena, akamshukuru Mama.

Ndipo mwashi akaanza kazi yake. Alipangusa vumbi lote mferejini na kuurashia maji, kwa kuwa jiwe kavu hunyonya maji ya saruji na kuiacha ikipasuka. Alichanganya saruji sehemu moja kwa mchanga uliochekechwa sehemu nne. Tabaka la kwanza alilishindilia kwa mwiko, akaliacha likaze. Juu ya mfereji mpana alitandaza wavu wa kuku, kisha akasawazisha tabaka la pili na lipu ya zamani. Tulirashia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Rangi ilisubiri hadi ukuta ukauke kabisa.

Waliogawanya vyumba kwa mbao za jipsamu wana njia nyingine. Hizo hazirashiwi maji, kwani hulainika. Tundu hukatwa mraba, kipande cha mti hufungwa nyuma yake kwa skrubu, na kiraka cha jipsamu hukazwa juu ya mti huo. Maungio hubandikwa utepe, yakapakwa unga wa jipsamu matabaka membamba, kila moja likikauka kabla ya msasa. Na jamaa zetu wenye nyumba za matumbawe kule Lamu wakumbuke kwamba chokaa huzibwa kwa chokaa: saruji hufungia unyevu ndani, na lipu ya kando yake hubambuka.

Kina mama, mara nyingi ni sisi tunaobaki nyumbani na mafundi. Tusione haya kuomba kuona leseni ya fundi wa umeme, inayotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, wala kusema, "Pima kwanza." Kabla ya kuziba, tulipiga picha kila ukuta na kuandika vipimo kutoka sakafuni na pembeni. Karatasi hiyo tumeibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Nyumba si yetu. Iko siku tutaihama, na watakaokuja watalala karibu na waya wasizoziona. Karatasi ile ni amana yao.