Draupadi na Mjane wa Busia

Wasamia ni watu wa pande mbili za mpaka. Wengine wako Busia ya Kenya, wengine Busia ya Uganda, na desturi zao huvuka bila kugongewa muhuri. Mojawapo ni kurithi wajane: mume akifariki, ndugu yake humchukua mke wa marehemu ili watoto na mali visitoke katika ukoo. Nimelelewa humo. Ndiyo maana kisa cha Draupadi, tulichosoma katika fasihi linganishi, hakikunichekesha kama kilivyowachekesha wenzangu.

Katika Mahabharata, Arjuna anashinda shindano la upinde na kumpata Draupadi, binti wa Mfalme Drupada. Anapofika naye nyumbani, Kunti, mama yake, anawaambia wanawe wagawane walicholeta, kabla hajatazama ni nini. Neno la mama halirudi. Drupada anapinga, Yudhishthira, kaka mkubwa, anatetea, kisha mzee Vyasa anaidhinisha. Draupadi anakuwa mke wa ndugu watano.

Mke wa waume watano ataitwaje mwaminifu? Wenzangu waliuliza hivyo. Lakini mapokeo ya Kihindu yanamweka pamoja na Ahalya, Kunti, Tara na Mandodari, wanawake watano ambao majina yao hutajwa ili kuondoa dhambi. Hakupimwa kwa idadi ya waume, bali kwa kushikamana nao hata uhamishoni porini. Hata hivyo, heshima hiyo haikumkinga. Yudhishthira alipompoteza katika kamari, Karna alimwita kahaba mbele ya baraza, kwa sababu ya waume wale wale ambao wazee walikubaliana apewe.

Mimi nilikwama kwingine. Katika mjadala ule wa Drupada, Yudhishthira na Vyasa, hakuna aliyemgeukia Draupadi na kumuuliza.

Mama yangu alizaliwa Tororo, akaolewa Busia, upande wa Kenya. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Wazee wa ukoo walikaa kikao, wakamchagulia shemeji mmoja. Mama aliletewa jibu. Swali hakuwahi kuletewa. Alipokataa, ilisemwa kwamba bila shaka ana mwanamume kwao. Yaani mwanamke aliyekataa mume wa pili ndiye aliyeitwa si mwaminifu! Alirudi Tororo bila shamba, akauza mitumba sokoni, akatusomesha.

Sheria zipo. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 inahesabu kumrithi mjane kwa nguvu kuwa unyanyasaji. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya mume na mke. Lakini sheria hizi hazialikwi kwenye vikao vya matanga.

Draupadi hakunyamaza barazani. Aliuliza: mtu aliyekwisha kujipoteza mwenyewe katika kamari ana haki gani ya kumweka mkewe rehani? Bhishma, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote, alishindwa kumjibu.

Tunapofundisha na kujifunza visa hivi, tusiishie kuhesabu waume. Uaminifu ni kutimiza ahadi. Basi kabla ya kumpima mwanamke kwa ahadi hiyo, tujue kwanza kama aliitoa yeye au alitolewa nayo.