Chumvi ya Mjini

Mama alipofika Kawangware miaka ya themanini, mke mchanga kutoka Kakamega, presha ilikuwa ugonjwa wa mabwana wa Lavington. Wao wana magari, wanakula nyama kila siku, wana mali ya kuwakosesha usingizi. Sisi wa ng'ambo hii tunatembea kwa miguu na kula sukuma wiki, presha itatupatia wapi? Tuliamini hivyo hata watu wa ploti yetu walipoanza kupooza upande mmoja. Wengi walisema wamerogwa.

Yake iligunduliwa kwa bahati. Alikuwa amempeleka mjukuu kuchanjwa, na muuguzi akawa anawapima watu wazima wote waliokuwa kwenye foleni. Akakutwa na 178 kwa 104. Hakuwa anaumwa popote, na ndiyo maana aliishuku mashine kwanza. Wenzake walikuwa wengi: uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja, ilhali karibu mmoja kati ya wanne ilikuwa imempanda.

Akaambiwa apunguze mafuta, afanye mazoezi na asiwe na mawazo. Alicheka njia nzima. Mazoezi gani tena kwa mtu anayetoka kwetu Gatina kwa miguu hadi Lavington, anainamia karai la nguo za watu mchana kutwa, kisha anarudi kwa miguu? Na mawazo utayaacha vipi tarehe ya kodi ikikaribia? Vidonge alivimeza hadi vikaisha, akajihesabu amepona.

Aliyempata ni muuguzi mwingine, mama wa makamo wa huko huko kwao, ambaye hakuanza na mashauri. Alimwuliza anavyopika. Mama akaeleza bila kuficha: chumvi kidogo kwenye kitunguu, nyingine nyanya zikiingia, halafu kiungo cha mchuzi cha pakiti, ambacho nacho kimejaa chumvi. Mrenda hutiwa magadi ili ulainike na kuteleza. Mezani kuna mkebe wa chumvi wa Baba, ambaye hunyunyiza kabla hajaonja.

"Na nyumbani, mrenda mlikuwa mnatia nini?"

"Musherekha."

Mabua na maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yakawekwa kwenye kopo lililotobolewa chini, yakamiminiwa maji. Yanayodondoka, ya rangi ya chai nyepesi, ndiyo musherekha. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Magadi ni sodiamu, sawa na chumvi ya dukani. Sodiamu ikizidi huzuia maji mwilini, damu ikaongezeka mishipani na moyo ukalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Potasiamu husaidia figo kuitoa sodiamu hiyo. Sisemi musherekha ni dawa. Nasema Mama alihama sufuria siku ile ile aliyopanda basi la Nairobi, na hakuna aliyemwambia.

Baadaye nilisoma kwamba watu wa aina yake walikwisha kufuatiliwa. Neil Poulter na wenzake walichapisha mwaka wa 1990 utafiti juu ya Waluo waliohama vijijini karibu na Ziwa Viktoria kuja Nairobi. Presha yao ilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu kidogo ukilinganishwa na wa waliobaki nyumbani. Watu wanaotafuta kibarua, si mabwana wa Lavington.

Mkebe uliondolewa mezani. Baba alinuna kwa majuma. Shirika la Afya Duniani linasema mtu asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na Mama, aliyezoea kukadiria kwa vidole, akaanza kupima. Ndimu, dania na pilipili zikashika zamu. Magadi yakahamia kwa jirani. Lakini vidonge hakuviacha tena, na hapa huwa nakasirika: wapo wanaozunguka sokoni wakiwaambia wagonjwa waache vidonge vya presha kama amlodipini wanywe kitunguu saumu.

Shangazi yangu wa Kibera alisaidiwa na kundi kuendelea na dawa. Madaktari Wasio na Mipaka, kabla ya kukabidhi kituo chao cha Kibera Kusini kwa kaunti mwaka wa 2017, waliwakutanisha wagonjwa waliotulia, wa presha, kisukari na virusi vya Ukimwi pamoja, kila miezi mitatu: kupimwa, kuzungumza, kuchukua dawa. Alichokipenda yeye ni kwamba anayekuona umeketi pale hajui umeletwa na nini.

Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii na mikoba yao, mashine ndiyo inayobisha hodi. Kwetu wapangaji hupimwa uani, kati ya kamba za nguo. Mara ya mwisho Mama alikuwa 138 kwa 84, akaitangazia ploti nzima.

Vita vimebaki kwenye kibanda cha chakula. Juzi, siku ya kufua, aliomba maharagwe yasiyo na chumvi.

"Mathe," kijana akamjibu, "hii sufuria ilitiwa chumvi saa kumi na moja asubuhi. Sasa niitoe aje?"

Mama akachukua nduma na avokado, akalipa, akamwambia kesho atenge bakuli moja kabla ya kutia.