Bei ya Buli la Bibi

Nina vikombe kumi na tisa vya Kijapani vilivyochorwa kwa mkono, na sina seti hata moja iliyokamilika. Nimevinunua kimoja kimoja kwa wauza vyombo vya mtumba wa Dar es Salaam, kwenye marundo ambamo sahani za hoteli za Ulaya zimelaliana na mabakuli yaliyopoteza mifuniko. Muuzaji hutaja bei kwa kuangalia ukubwa wa chombo. Mimi hukigeuza kwanza nikasoma kitako.

Kitakoni ndiko kwenye historia. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, kwa hiyo kuanzia 1891 viwanda vya Japani vilipiga muhuri wa "Nippon". Mwaka 1921 Wamarekani wakalikataa jina hilo, wakataka la Kiingereza, na muhuri ukawa "Japan". Baada ya Vita Kuu ya Pili, hadi mwaka 1952, vyombo vingine viliandikwa "Made in Occupied Japan". Taifa limeshindwa vita, na habari hiyo imeandikwa chini ya kikombe cha chai.

Ndugu zangu wanajua nina ugonjwa huu. Ndiyo maana mwaka jana, Oktoba, baba mdogo alinipigia simu kutoka Mpanda. Paa la nyumba ya bibi lilikuwa limeoza upande wa chumba anacholala, na mvua za Novemba zilikuwa zinakuja. Tangu nikiwa mdogo, bibi alikuwa akisema kwamba siku mambo yakimshinda kabisa, atauza seti yake ya chai. "Siku yenyewe imefika," baba mdogo akasema. "Njoo utuambie ina thamani gani."

Seti ile ilifika Mpanda kwa sababu ya mgodi. Waingereza walijenga reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ili kusafirisha madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals, na kufikia mwaka 1950 treni ilikuwa imefika Mpanda. Reli hiyo ilichukua risasi, ikaleta wahandisi, wake zao na makabati yao. Babu alikuwa mpishi katika nyumba mojawapo. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, mama wa nyumba ile alifungasha alivyoweza kubeba. Seti ya chai alimwachia babu, na babu akamletea mchumba wake.

Nilipofika niliikuta ilipokuwa siku zote: kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma. Buli, jagi la maziwa, kibakuli cha sukari, visosi sita, vikombe vitano. Mwili mzima wa buli umezungukwa na joka la kijivu. Ukilipapasa, magamba yake yanagusika, kwa sababu halikuchorwa kwa brashi peke yake. Mafundi wa mtindo huo, uitwao moriage, hukamua udongo laini juu ya chombo, kama mchoraji wa hina anavyokamua hina juu ya mkono wa bi harusi. Na ukiinua kikombe kitupu kwenye mwanga, kitakoni unatokea uso wa mwanamke wa Kijapani. Hana rangi hata tone. Ametokana na unene na wembamba wa kauri yenyewe. Utotoni tulimwogopa. Bibi alimwita mke mwenzake.

Nilitoa kioo cha kukuzia, nikakagua. Nilijua jibu kabla sijamaliza. Vyombo vya joka vilitengenezwa kwa wingi, kabla ya vita na baada yake, na mabaharia na wanajeshi walivibeba makwao kama zawadi. Hata leo vimejaa kwenye minada ya mtandaoni. Seti kamili yenyewe haina bei ya kutisha. Hii ilikuwa imepoteza kikombe kimoja, dhahabu ya ukingoni imefutika, na mdomo wa buli umemeguka.

Kulikuwa na jambo jingine. Mimi niliyeitwa kutaja bei ndiye niliyekuwa nikiitamani seti ile kuliko mtu yeyote pale sebuleni. Kwa bei yake ya kweli, ningeweza kuinunua kwa posho yangu ya masomo.

"Haya, mume wangu, sema," bibi akanitania.

Nikawaambia vyote viwili: kwamba pesa yake haifikii bati za chumba kimoja, na kwamba mimi mwenyewe naitaka. Baba mdogo akatazama chini. Bibi hakushtuka. Alimtuma binamu yangu akalete maji ya kunawa, kisha akaanza kutusimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia.

Miaka ya themanini, baba alipochaguliwa kwenda shule ya bweni Tabora, hapakuwa na pesa ya sanduku, shuka wala nauli ya treni. Bibi alilifunga buli kwenye kanga, akalipeleka kwa mwenye duka kama rehani. Likakaa dukani, nyuma ya mizani, hadi mahindi yalipovunwa. "Hakujua Japani iko wapi," bibi alisema. "Alijua nitalirudia."

Nimesoma makala nyingi kuhusu thamani ya kauri, na hakuna iliyonieleza hilo. Labda wazee wa Pwani walilijua. Kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi walipachika bakuli za Kichina juu ya nguzo, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuzilia chakula. Mpita njia alipaswa tu kuziona, na kujua aliyelala pale alikuwa nani.

Wiki ile bibi alikopa kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwao. Hawakumwomba dhamana. Bati zilipigiliwa siku nne kabla ya mvua ya kwanza. Seti bado iko kabatini, buli likiwa limegeuziwa mdomo ukutani, ili mgeni asione lilipomeguka.