Fulana Yenye Namba Sita

Ninayo fulana moja kuukuu niliyoinunua Gikomba katika rundo la mitumba, nayo, msomaji, ina habari ambayo niliivaa miaka miwili bila kuijua. Kifuani pamechorwa motokaa fupi ya buluu hafifu, yenye mstari wa rangi ya chungwa na namba 6. Chini yake pameandikwa Le Mans 1969. Watoto wa jirani waliponiuliza ni gari gani, niliwajibu, "La mashindano," nikanyamaza kama mtu ajuaye mengi.

Hatimaye aibu ilinisukuma kutafuta. Le Mans ni mji wa Ufaransa ambako magari hushindana saa 24, usiku na mchana, madereva wakipokezana usukani. Gari langu ni Ford GT40. Lilikuwa limekwisha kushinda huko mwaka 1968, na mwaka uliofuata lilihesabiwa kuwa limezeeka mbele ya Porsche mpya.

Desturi ya siku zile ilikuwa hivi: madereva walisimama upande mmoja wa barabara, magari upande wa pili. Bendera iliposhushwa walipiga mbio, wakajitupa ndani, wakaondoka. Kufunga mkanda kulikuwa kuchelewa. Kwa hiyo wengine waliondoka bila kuufunga. Jacky Ickx, Mbelgiji wa miaka 24, alichukizwa na jambo hilo. Tarehe 14 Juni, 1969, wenzake walipokimbia, yeye alitembea. Hebu fikiri, msomaji: umati mzima wakutazama, nawe watembea kama aendaye sokoni! Aliingia, akafunga mkanda wake, akaondoka wa mwisho katika magari 45.

Hata mzunguko wa kwanza haujaisha, Mwingereza John Woolfe alipata ajali na Porsche yake, akafa. Hakuwa amefunga mkanda.

Siku ya pili Ickx na Hans Herrmann wa Porsche walikuwa wakipitana tena na tena. Baada ya karibu kilomita 5,000, Ickx na mwenzake Jackie Oliver walishinda kwa mita zipatazo 120, yaani kiasi cha uwanja wa mpira na hatua chache. Mwaka 1970 mbio zile za miguu hazikuwako tena. Madereva walianza wakiwa wameketi, wamefungwa mikanda.

Fulana yangu haitaji kutembea kule, wala haimtaji Woolfe. Nami nakiri kwamba nilikuwa mtu wa kuukalia mkanda ndani ya matatu, nikiogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa barabara. Jumamosi moja, nimeivaa fulana hiyo, niliuvuta mkanda kutoka chini yangu. Utingo akacheka: "Mzee, leo tunapanda ndege?" Abiria nao wakacheka. Kifungo cha mkanda kilikuwa kimevunjika. Nikaushika ncha zake mbili kwa mikono mpaka Thika.