Kutoka "Hospital" Hadi "Hostile"

Wanachuo wengi tunaingia kwenye kamusi ya Kiingereza kama tunaingia dukani: tunachukua neno moja, tunatoka. Siku ukiwa na muda, kaa kwenye ukurasa wenye "hospitable", "hospital", "hospitality", "host", "hostage", "hostel" na "hostile". Yamepangana kama milango ya korido moja, ila tabia za hao majirani ni mbalimbali.

Anza na aina za maneno. Kiswahili kinakuonyesha mapema, mwanzoni mwa neno: mkarimu ni mtu, ukarimu ni hali, kukirimu ni kitendo. Kiingereza kinaweka alama zake mkiani: "hospitable" kivumishi, "hospitality" nomino. Halafu kuna "host", ambalo halina kichwa wala mkia. Ni nomino likiwa mwenyeji, ni kitenzi likiwa kumpokea mgeni, na ni sentensi tu itakayokuambia lipi ni lipi.

Sisi wa Tandala, kule Makete, tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili kama Watanzania wengi. Kidato cha kwanza, ghafla kila somo Kiingereza. Tulikariri maana: "host", mwenyeji. Basi. Aina ya neno ilionekana kama pambo la kwenye kamusi.

Sasa njoo chuoni. Mwaka wa kwanza lilibandikwa tangazo hosteli kwamba "hosting" ni marufuku. Mwenzangu wa chumba alikuwa amembeba jamaa wa kwao aliyekosa nafasi. Alilisoma, akasema halimhusu, wenyeji hawajakatazwa. Wiki hiyohiyo wakaja kukagua usiku wa manane, akanyang'anywa kitanda. Tangazo lilikuwa linazungumzia kubebana, jambo ambalo kila mtu pale analijua kwa jina hilo. Mimi naona tangazo linaloweza kumtoa mtu kitandani liandikwe kwa Kiswahili. Lugha ya mihadhara ibaki kwenye mihadhara.

Nilipofuatilia asili ya maneno hayo ndipo nilipochoka kabisa. "Hospital", "hostel" na "host" yanatokana na neno la Kilatini "hospes", lililomaanisha mwenyeji na mgeni pia. "Hostile" linatoka kwa "hostis", yaani adui, lakini zamani zaidi "hostis" alikuwa mtu wa kuja tu. Hata sisi mgeni ni yule unayemchinjia kuku, na ni yule usiyemjua unayemchungulia dirishani kabla ya kufungua. Tofauti ni kwamba Warumi walifika mahali wakaamua huyo wa pili ni adui.

Bumu lilipotoka wale jamaa wawili walipanga chumba mtaani, godoro moja. Nilikwenda kuwatembelea Jumamosi moja, mvua ikanikuta huko. Wakachemsha viazi, tukalala watatu.