Nyoka Katika Banda la Kuku

Mwenye kuku akimwona nyoka bandani, mara hukimbilia panga. Lakini nyoka haji bila kuitwa: huitwa na mayai na vifaranga, na mara nyingi huitwa na panya waliofuata mahindi yaliyomwagika. Auaye nyoka mmoja na kuwaacha panya, amemwachia wa pili mlango wazi.

Mfugaji mwenye busara hutia chakula cha kuku katika debe lenye kifuniko, hufyeka nyasi, na huondoa marundo ya mawe na kuni karibu na banda. Tena hujua kwamba wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa, na nyoka mwembamba hupenya. Wavu wenye matundu ya robo inchi ndio umzuiao.

Lakini lililo kubwa kuliko kuku ni mkono wa mtoto atumwaye kuokota mayai gizani. Huenda swila amejikunja kiotani, na wako swila watemao sumu machoni. Atemewaye aoshwe macho mara moja kwa maji safi mengi, kisha apelekwe hospitali. Basi mayai na yaokotwe mchana, na kiota kitazamwe kabla ya kutia mkono.