Nyumba ya Baddesley Clinton

Twasikia sana habari za majumba ya mabwana wa Uingereza, nasi hudhani kwamba ni fahari tupu. Leo twataka kuwapeleka hata Warwickshire, katikati ya nchi ile, mkaione nyumba iliyojua damu na subira.

Nyumba hiyo yaitwa Baddesley Clinton. Imejengwa kwa mawe, na handaki lililojaa maji laizunguka pande zote; mgeni huvuka kwa daraja, kisha hupita chini ya lango. Mwaka 1438 ilinunuliwa na John Brome, mwanasheria. Huyu aliuawa London mwaka 1468, na mwanawe Nicholas akamlipia kisasi. Baadaye Nicholas, kwa hasira, alimwua padre wa parokia. Kwa malipizi akajenga mnara wa kanisa la pale, na wa kanisa la Packwood lililo jirani. Alipokufa mwaka 1517, yasemwa alizikwa wima penye mlango wa kanisa, ili kila aingiaye amkanyage. Ndipo nyumba ikawafikia akina Ferrers kwa binti yake Constance, wakawa nayo zaidi ya miaka 400.

Zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, sheria ya mwaka 1585 ilimhesabu padre aliyepewa daraja ng'ambo kuwa mhaini akionekana Uingereza, na aliyempokea aliweza kunyongwa. Henry Ferrers alikuwa amempangisha nyumba Bibi Anne Vaux, naye aliwakaribisha mapadre kwa siri. Mfereji wa kale wa maji machafu, uliopita chini ya nyumba, ulikuwa umegeuzwa maficho. Kazi hiyo yaaminiwa ni ya seremala Nicholas Owen.

Siku moja ya Oktoba 1591, saa 11 alfajiri, wasakaji walifika wakigonga kwa kishindo. Watumishi wakawazuia mlangoni. Ndani, vyombo vya Misa vikafichwa, na magodoro yakapinduliwa, upande wa baridi ukawa juu, ili mtu akiyapapasa asijue kwamba yalilaliwa. Mapadre, miongoni mwao Henry Garnet na John Gerard, wakashuka mferejini, wakasimama majini muda wa saa nne hivi. Wasakaji walipekua kila chumba, wasione mtu. Hata hivyo wenyeji walilazimika kuwalipa kwa kazi hiyo!

Owen alikamatwa mwaka 1606, akafa kwa mateso katika Mnara wa London pasipo kufichua siri zake. Mwaka 1970 alitangazwa mtakatifu. Nyumba nayo, tangu mwaka 1980, yatunzwa na chama cha National Trust, na wageni huonyeshwa maficho yale.

Basi tufikiri, enyi wenye nyumba. Handaki lile halikuwazuia wasakaji kuingia. Mapadre waliokolewa na mtumishi aliyesimama mlangoni, na waliokumbuka kupindua magodoro, na vinywa vya watu wengi wa nyumba moja vilivyonyamaza pamoja.